Mguu Alioniagiza Mzee Kazumba

Huu ni mwezi wa tatu tangu nistaafu, na mke wangu ameshaanza kuniuliza kama hakuna doria ya kujitolea mahali popote. Nyie vijana mliobaki kituoni mliniomba niwaandikie mambo ya kazini. Nimekubali, ila msitegemee kusoma nilipandishwa cheo lini wala mshahara ulikuwaje, kwa sababu habari hizo ni fupi na hazichekeshi. Nitawaandikia habari za miguu. Ukiondoa jasho na kuumwa na mbung'o, kazi yangu ya miaka yote ile Katavi ilikuwa kuangalia chini.

Niliripoti kituo cha Sitalike nikiwa na barua ya kazi, godoro la sufi na buti zilizonizidi mguu. Aliyezigawa aliniambia miguu ya askari huwa inakua. Nilikuwa kijana wa Kisukuma, wa familia iliyohamia Mpanda na ng'ombe kutoka Shinyanga, na nilijiona mtaalamu tayari, maana nilichunga tangu sijaota meno ya ukubwani. Nilidhani mtu aliyechunga ng'ombe mia hawezi kufundishwa kitu kuhusu kwato.

Aliyekabidhiwa kunifundisha alikuwa Mzee Kazumba, Mpimbwe wa kijiji cha Mamba, mfuata nyayo wa kituo. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana kama ya mfinyanzi, na siku za mwanzo alikuwa mkimya sana. Nilikuja kugundua kwamba ukimya ule ulikuwa wa kukupima. Akishakuzoea unautafuta huuoni. Hakuwa na cheti chochote, lakini mkuu wa kituo akitaka kujua jambo la porini alimuuliza yeye kwanza, halafu ndipo anasoma ripoti zetu sisi wenye vyeti.

Wiki yangu ya pili alinipeleka kando ya mto Katuma, mvua zikiwa zimetoka kunyesha, akanionyesha kwato kwenye tope.

"Nini huyu?"

"Nyati, mzee," nikajibu bila kuinama. "Dume. Mkubwa."

"Haya. Mfuate. Mi nakuja nyuma yako."

Nilimfuata nyati wangu tangu asubuhi mpaka jua la utosini. Nilivuka mpaka wa hifadhi bila kuuona, nikapita mashamba, nikatokea kwenye boma la miiba. Ndani ya boma alisimama dume la ng'ombe, jekundu, linatafuna taratibu na kuniangalia. Mbaya zaidi, boma lenyewe lilikuwa la mjomba wangu. Mjomba alifurahi kweli, akafikiri nimekuja kusalimia, akaniletea maziwa. Mzee Kazumba alifika nyuma yangu, akapewa maziwa na yeye, akanywa mpaka mwisho, akafuta midomo.

"Nimeona mengi katika kazi hii," akamwambia mjomba. "Lakini Msukuma kushindwa kumjua ng'ombe, hilo sikuwahi."

Njiani kurudi alinifundisha. Tope huongeza mguu. Mnyama akikanyaga penye tope, kwato hutanuka na kuteleza, na anayetazama akiwa amesimama wima ataona kile anachotaka kuona. Mimi nilitaka nyati. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema, "na wewe mgongo wako ni wa mtu anayepigwa picha." Basi kuanzia siku ile mpaka mwisho aliniita Mwenye Ng'ombe, mbele ya wakubwa, mbele ya wageni na mbele ya mke wangu. Mke wangu jina hilo anaendelea kulitumia.

Vifaa vyetu vya miaka ya tisini mtavicheka. Hakukuwa na jipiesi wala droni. Tulikuwa na redio ya upepo iliyosikika vizuri siku usiyokuwa na la kusema, kijiti kilichochongwa alama za kupimia, penseli iliyofungwa kamba ili isipotee, na daftari la doria. Daftari lile lilikuwa na safu tano: tarehe, mahali, mnyama, unyayo, na aliyemwona. Safu ya unyayo ilichorwa kwa mkono. Mzee Kazumba hakukubali mnyama aandikwe bila mguu wake kuchorwa. Mtu angerudi anahema, amekutana na chui uso kwa uso, na mzee angeuliza tu, "Mguu wake umeuona?" Kama hukuuona, basi hukumwona chui. Ulimwona mdudu wa woga wako.

Tulikuwa pia na unga wa plasta, ule wanaofungia mifupa hospitali. Tuliukoroga na maji tukaumimina kwenye unyayo, ukikauka unaubandua kama andazi kwenye karai, nawe una mguu wa mnyama mkononi. Mzee alizihifadhi plasta hizo kwenye sanduku la mbao: simba, korongo na pofu wale wa jamii ya swala, fisi, kiboko ambaye peke yake alijaza kona nzima. Wageni wa kazi aliwafundishia hizo. Na alikuwa na mtindo wake: hakutazama tu unyayo, aliugusa. Alipitisha vidole kwenye kingo kujua kama zimekauka, akabonyeza chini kujua uzito umeegemea wapi. Nilidhani ni mbwembwe za uzee.

Kesi iliyonifundisha kuliko zote ilikuwa ya majangili watatu. Tulikuta nyayo zao asubuhi upande wa ziwa Chada, wamevaa kandambili za matairi. Nilizichora vizuri sana, nikapima urefu wa hatua, nikajaza daftari, nikampa mzee akague. Akauliza kuhusu kibonyeo kidogo cha mviringo kilichokuwa kando ya nyayo za mmoja wao.

"Nimeona, mzee. Sikujua ni nini, ndiyo maana sikukiandika."

Akanirudishia daftari. "Sikiliza, Mwenye Ng'ombe. Unachokielewa hata usipokiandika utakikumbuka. Alama usiyoielewa ndiyo uiandike kwanza."

Kile kibonyeo kilikuwa cha kitako cha gobole. Yule mtu kila akisimama alikuwa analiegemea, na alisimama mara nyingi, maana yake alikuwa mgonjwa au mzee, na wenzake walikuwa wanamsubiri. Kwa hiyo hawakuwa mbali. Tuliwakuta kabla ya saa sita chini ya mninga, yule wa gobole amelala na homa, wenzake wanamkanda kwa kitambaa chenye maji. Hakuna aliyefyatua kitu. Nikiwa nimebeba gobole lile kurudi kwenye gari nilifikiri kwamba, kama tungefuata daftari langu, tungetembea tu kiholela na labda wangetuona wao kwanza.

Miaka michache baadaye niliona mzee anainama zaidi ya zamani. Unyayo wa kusoma kwa dakika moja alikuwa anausoma kwa tano, na vidole vinatangulia macho. Siku moja alimsalimia mkuu wa kituo akimwita kwa jina la dereva. Alitania kwamba wote wawili ni wanene, tukacheka, lakini mimi nilikuwa nimeona. Nilimsindikiza Tabora kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho, alisema daktari, na kilichokwisha kuchukuliwa hakirudi; kilichobaki kitakwenda polepole, na baadaye haraka.

Kwenye treni ya kurudi Mpanda mzee alikaa dirishani, mikono magotini. Alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Wa huku wote nimewasoma," akasema. "Tangu nyati mpaka panya buku. Sijui kama kuna mguu katika nchi hii nitaushika nisimjue mwenyewe. Si majivuno."

"Kidogo ni majivuno, mzee."

"Kidogo," akakubali. "Ila natamani kushika mguu mmoja nisioujua, kabla sijawa mtu wa kukalishwa kwenye mkeka na kuulizwa kama nimekula."

Lakini Mungu ana utani wake, kwa sababu haukupita mwaka nikachaguliwa kwenda kozi ya miezi mitatu ya uendeshaji wa hifadhi, Australia. Mpaka leo sijui kwa nini mimi. Nilipokwenda kuaga kwa ndugu zangu wa Makanyagio, pale Mpanda, muuza duka jirani yao alinieleza kwa uhakika kwamba Australia ni mbele ya Ulaya, unafika Ulaya halafu unapinda. Mzee Kazumba hakuuliza ni wapi. Wakati huo alikuwa anamwona mtu kama kivuli tu.

"Kuna mnyama huko anaruka kama chura na anabeba mtoto tumboni kwenye mfuko," akasema. "Nilisikia redioni. Niletee mguu wake."

"Nitakuletea na picha, mzee."

"Picha kampe mkeo. Mimi niletee mguu. Na uwahi."

Nilikwenda na buti zangu za doria, maana sikuwa na viatu vingine vya maana. Uwanja wa ndege wa kule mtu wa ukaguzi aliniuliza kama nimebeba udongo. Nikasema hapana. Akageuza buti zangu, akauliza hiki kilichoganda kwenye soli ni nini. Nikasema ukweli: kinyesi cha kiboko. Kiingereza changu kilikuwa cha kuandikia ripoti, akafikiri sijamwelewa, akauliza tena polepole, nikamjibu polepole. Wakazichukua nyuma ya mlango, wakazisugua, wakanirudishia zikiwa safi kuliko siku nilipopewa. Ni mara ya kwanza na ya mwisho serikali yoyote kunisafishia viatu.

Kozi ilikuwa ya darasani, chati na mishale. Wiki ya mwisho ndipo wakatupeleka kutembelea hifadhi ndogo ya wanyama wa kwao, nje ya mji. Na mimi niliyekuwa nimeishi na wanyama maisha yangu yote nikawa mtalii. Nilinunuliwa kofia. Nilipewa karatasi yenye ramani, na kwenye ramani kulikuwa na picha ya kikombe kuonyesha chai inauzwa wapi. Nawaambia kweli, nilijisikia raha hata nikasahau mimi ni nani.

Tulianza na koala, mnyama mdogo mfano wa dubu. Alikuwa amelala kwenye panda ya mti. Tulimtazama robo saa nzima, akageuka mara moja, watu wakapiga picha kwa furaha. Kwetu mnyama akilala juu ya mti mchana ni chui, na hatusimami chini yake na watoto. Emu nilimjua kwa mbali: ni mbuni aliyenyeshewa. Kisha wombati, mnene, mfupi, anachimba kama ngiri, na mtunzaji akatuambia kinyesi chake kina pembe, kama vipande vya sabuni vilivyokatwa. Nilifikiri anatania wageni. Akanionyesha. Nilipiga magoti pale nikakichora kwenye daftari, na mzungu mmoja akanipiga picha mimi badala ya wombati.

Kangaruu walikuwa kwenye uwanja wa majani yaliyofyekwa vizuri, wanakula kwenye viganja vya watoto wa shule. Wengine walikuwa wamelala ubavu, wameegemeza mkono, kama mabwana shamba waliomaliza ukaguzi. Niliwaona wakiruka, na kuruka kule ni kitu cha kuona: mkia nyuma, miguu miwili pamoja, tup, tup, tup. Nikafungua daftari. Mahali: Australia. Mnyama: kangaruu. Aliyemwona: jina langu kamili, na sahihi, kwa majivuno yasiyokuwa kidogo. Nikafika safu ya unyayo, nikaangalia chini. Majani. Uwanja mzima ulikuwa majani laini, na njia zilikuwa za saruji. Nilikuwa nimetembea hifadhi nzima ya wanyama bila kuona unyayo hata mmoja, na sikuwa nimegundua mpaka dakika ile. Basi letu lilikuwa linapiga honi.

Usiku ule nililala vibaya. Asubuhi nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, nikapata plasta, nikapanda basi la abiria kurudi kule peke yangu. Mtunzaji alikuwa mwanamama mmoja mwenye madoa ya jua, anaitwa Helen. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha ripoti kwamba nina mzee wangu nyumbani anayepoteza macho, na ananingoja nimpelekee mguu. Alidhani anataka mguu wenyewe, akakunja uso. Nikatoa plasta, nikaonyesha kwa mikono. Akacheka, akanishika bega, akanipeleka nyuma ambako wageni hawafiki. Kulikuwa na eneo la mchanga mbele ya hori la chakula. Akalisawazisha kwa reki, akalinyunyizia maji kwa mpira, akamwaga chakula, tukajificha nyuma ya kibanda. Akatokea dume moja la kijivu, likaja polepole, likala, likaondoka. Mimi nilikuwa nahangaika na ndoo ya plasta, nakoroga isigande mapema, kwa hiyo kuja kwake sikukutazama sana.

Nyayo zilikuwa safi. Miguu miwili ya nyuma, mirefu kama nyayo za mtu aliyevaa viatu vya kuazima, na viganja viwili vidogo vya mbele. Nikazungushia boksi la karatasi, nikamimina. Ilipokauka tukaibandua sisi wawili, nzito, upana wa sinia la pilau. Helen alikataa asante. Alisema tu nimwandikie mzee amesemaje.

Sasa nawaeleza kosa langu. Nyie mtalicheka, na mna haki. Nilipoisafisha plasta kule hosteli niliona katikati, nyuma ya vile viganja vidogo, kuna uvimbe mrefu usioeleweka. Miguu minne naijua, nimeihesabu. Huu uvimbe nikauona ni uchafu, labda maji ya mpira yalituama pale plasta ikazama. Nilitaka kumpelekea mzee kitu safi. Nikachukua kisu cha mezani nikaanza kuukwangua, taratibu, kwa mapenzi kabisa. Nilifika nusu gari la uwanja wa ndege likaja, nikaifunga plasta kwenye kitenge nilichomnunulia mke wangu nilipopita Dar, nikaondoka.

Niliipakata kwenye ndege tatu. Niliipakata kwenye treni kutoka Dar mpaka Tabora, na Tabora mpaka Mpanda, mvua zikiwa zimeanza. Abiria aliyekaa mbele yangu aliuliza kama ni keki ya harusi, na ni harusi ya nani. Nikamwambia ni ya Mzee Kazumba, akasema mzee hongera yake.

Kituoni Sitalike nilikuta kitanda cha mzee kimeondolewa. Macho yalifunga kabisa mwezi wa pili wa safari yangu, haraka, kama daktari alivyosema, na alikuwa amerudishwa kwao Mamba. Nilisimama mlangoni pa chumba chake na plasta yangu. Aliniambia niwahi, na mimi nilikuwa darasani natazama chati na mishale. Nililia, na mpishi wa kituo akajifanya anatafuta chumvi.

Kesho yake nilipanda lori lililokuwa linaenda kuchukua mpunga. Nilifika Mamba mchana, nikamkuta amekaa barazani kwenye kiti, si kwenye mkeka. Mkewe, Bibi Anna, alikuwa anapepeta mchele. Kabla sijafungua mdomo mzee akainua kichwa.

"Mwenye Ng'ombe. Umenenepa. Kisigino kinapiga chini kwa nguvu kuliko zamani."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chakula cha wazungu hicho. Umeniletea?"

Nilimweleza kwanza habari za njiani, kwa sababu niliogopa. Nilipofika kwenye kinyesi cha wombati alinikatiza. "Pembe nne? Miezi mitatu darasani, umerudi na uongo wa hesabu." Bibi Anna alicheka hadi ungo ukamtoka mkononi. Kisha mzee akanyoosha mikono, nikamwekea plasta mapajani.

Majirani wawili walisogea. Vidole vilipita kwenye miguu mirefu, vikaenda mpaka kwenye ukucha, vikarudi. Vikashika viganja vidogo, kimoja kimoja, kama anavyoshikwa mkono mtoto mchanga. Nilimwona anatabasamu, na kwa muda ule nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote pale Mamba.

"Huyu harukiruki hapa," akasema. "Anaruka, ndiyo, mguu ni wa kuruka. Ila hapa alikuwa anakwenda polepole. Anakwenda kula."

"Ndiyo, mzee! Alikuwa anakwenda horini."

"Anaweka mikono chini. Halafu miguu inapita mbele. Lakini mtu mzito namna hii, miguu ikiwa hewani, viganja vidogo hivi haviwezi kumbeba peke yake." Vidole vilisimama katikati. "Kuna kitu kingine kinambeba. Hiki hapa." Akabonyeza. Akabonyeza tena. Uso ukabadilika. "Hapa kumepita kisu."

Nikaanza kukikunja kile kitenge.

"Masunga." Hakuwa ameniita jina langu kwa miaka. "Nani kapitisha kisu hapa?"

"Mimi, mzee. Niliona ni uchafu. Sikujua ni nini."

"Hukujua ni nini," akarudia, polepole. "Kwa hiyo ukakifanyaje?"

"Nikakikwangua."

Niliomba ardhi ipasuke. Mtu yule alikuwa ameomba mguu mmoja tu, gizani kwake, na mimi niliubeba kutoka mwisho wa dunia baada ya kuuharibu kwa mkono wangu mwenyewe. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kilichoanzia tumboni, mpaka Bibi Anna akaja kumshikilia plasta isianguke.

"Anna, umesikia? Huyu ndiye aliyeshindwa kumjua ng'ombe. Sasa kaenda Australia, kamkata kangaruu mguu!"

"Mguu upi, mzee? Ana minne, nimemwona kwa macho yangu."

"Mitano. Lete hizo picha zako."

Nilikuwa nazo kwenye begi, zilisafishwa Dar. Nikampa Bibi Anna. Alizipitia akizishika mbali na uso, mimi na kofia, mimi na koala, mimi na kikombe cha chai, akafika kwenye moja niliyompiga kangaruu akisogea kwenye kiganja cha mtoto.

"Huu mkia," akasema, "mbona kaukita chini? Kaukunja chini ya tumbo, kaukalia kama kigoda. Miguu ya nyuma hii haijagusa chini hata."

Niliichukua picha ile. Nilikuwa nimeipiga mwenyewe, nimelipia isafishwe, nimeitazama kwenye treni siku mbili. Mkia ulikuwa umesimama chini yake wazi kabisa, umembeba mnyama mzima, kama mguu.

"Nusu imebaki," alisema mzee, akiuzungusha mkono kwenye kovu la kisu. "Nusu inatosha. Huyu sikuwa namjua." Akakaa hivyo, vidole juu ya plasta, jua likimpiga usoni bila kumsumbua. "Huyu kweli sikuwa namjua. Asante, baba."

Alikaa na plasta ile ndani kwake mpaka alipofariki, miaka minne baadaye, na kila mgeni aliyefika Mamba alishikishwa na kuhadithiwa habari za Msukuma na kisu. Nilipofika msibani watani walinipokea getini na kisu cha mezani. Nilimwandikia Helen amesemaje, kama alivyotaka, na nilimwambia yote, hata ya kisu. Bibi Anna alinirudishia plasta, nikaiweka kwenye sanduku pamoja na nyingine, na ndiyo hiyo niliyowafundishia nyie mkiwa mmefumba macho. Wote mlisema miguu minne. Msijisikie vibaya. Mmekuwa na mwalimu mbaya, ila sanduku ni zuri, na naomba kovu lile la kisu mtu yeyote asije akalijaza plasta ili lipendeze.

Limebaki jambo moja. Daftari la safari ile lipo kabatini, rafu ya chini, mkitaka kulitazama. Siku ile pale barazani Mamba nilichora unyayo kwenye safu iliyokuwa wazi, miguu minne na mkia, mzee akinielekeza kwa kidole pa kupitisha penseli. Safu ya mwisho, ya aliyemwona, ilikuwa na jina langu na sahihi. Nililikata kwa mstari mmoja, nikaandika jina la Mzee Kazumba.